Underground 2 au Midnight Club 3?

Wapenzi wa gemu za video za mbio za mitaani wamebishana juu ya hizi mbili kwa miaka mingi. Need for Speed: Underground 2 ilitoka 2004, kazi ya EA Black Box ya Kanada. Midnight Club 3: DUB Edition ikafuata 2005 kutoka Rockstar San Diego, studio iliyokuwa ikiitwa Angel Studios.

Kwa kupamba gari, Underground 2 bado inanivutia zaidi. Unaliendesha mwenyewe hadi gereji, unabadili bampa, taa, rangi, hata spika za kwenye buti. Midnight Club nayo ina pikipiki na magari makubwa ya kifahari, kwa hiyo anayechoka na magari madogo ya Kijapani atapumua.

Barabarani ndipo zinapoachana kabisa. Underground 2 hukufungia njia kwa vizuizi ndani ya Bayview, mji wa kubuni, na gari halibonyei hata ukigonga ukuta. Midnight Club hukupa vituo tu vya kupitia. Njia ya mkato ni juu yako, katika San Diego, Atlanta au Detroit. Ni ya kasi mno, na wapinzani hawana huruma. Mimi hushindwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Una kompyuta tu? Chukua Underground 2, maana Midnight Club 3 haikutolewa kwa Windows. Mwenye PlayStation 2 (PS2) inayosoma diski atafute toleo la Remix la 2006, lililoongeza Tokyo.