Neti nyeusi ya asilimia 50 kwa kitalu cha mikarafuu: nunua, lakini ipime kwanza

Neti tunayoizungumzia ni ile nyeusi ya kivuli, iliyofumwa kwa vitanzi, inayokatwa kwa mita dukani ikiwa na alama ya asilimia 50, yaani huzuia nusu ya mwanga. Kwa miche ya mikarafuu au vanila tunaipa nne kwa tano. Ile ya 80, ambayo muuzaji hupenda kuisifu kuwa "nzito", haipati hata mbili, na sababu imo ndani ya jani.

Jani likifanya usanisinuru, mwanga wenyewe huziumiza protini zake. Inayoumia zaidi ni D1, iliyo kwenye moyo wa fotosistimu ya pili, mtambo wa kunasa mwanga uliopachikwa kwenye utando ndani ya jani, pale maji yanapopasuliwa na oksijeni kutoka. Huumia hata kwenye mwanga hafifu, ila hatuoni kitu kwa kuwa matengenezo hayalali. Vimeng'enya vya Deg huikata D1 mbovu sehemu zinazochomoza nje ya utando. FtsH, kimeng'enya chenye umbo la pete ya vipande sita, huishika ncha, huivuta na kuisaga huku ikiingia, kama muwa kwenye mashine ya juisi pale Forodhani. D1 mpya hutengenezwa humo humo ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya jani, na kupachikwa. Kazi yote hiyo hula nishati, na mbovu isipotolewa, mpya haina pa kukaa.

Jua la saa sita wakati wa kaskazi linaweza kuyashinda matengenezo hayo. Joto na chumvi huzidi kuyachelewesha, kwa hiyo kitalu cha pwani kinachomwagiwa maji ya kisima ya munyu kinaweza kuungua chini ya neti ambayo Kizimbani, ndani ya Unguja mbali na pwani, ingetosha.

Basi kwa nini si 80? Kwa sababu jani lililozoea giza lina uwezo mdogo wa kujitengeneza. Mche hurefuka, shina jembamba, majani mapana na laini. Unapendeza kitaluni, ukifika shambani unababuka.

Dosari kubwa ya bidhaa hii ni alama isiyoaminika. Pima kwa programu ya simu inayosoma luksi (kipimo cha mwanga), saa sita mchana bila wingu: kwanza juani, kisha chini ya neti ya tabaka moja, simu ikiwa imelala vilevile. Jua kali hukaribia luksi 100,000, lakini usihangaike na namba yenyewe, tazama uwiano tu: chini ya neti ya 50 ibaki kama nusu. Simu ikigota kwenye kikomo chake, funika kihisi kwa karatasi nyeupe mara zote mbili. Neti ya kijani usiipime hivyo: hupitisha zaidi rangi ambayo mmea haiitumii sana, na luksi hupimwa kwa kufuata jicho la mtu, si jani. Simu itaisifu bure.

Vitanzi vyake ni sifa ya kweli, ukiikata haifumuki. Ifunge mita 2 juu ya tuta, isiguse miche, maana nyeusi hushika joto. Inapokutana na nguzo viringa vipande vya tyubu kuukuu, la sivyo upepo wa kusi utaisugua mpaka ichanike hapo hapo.

Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupandikiza, anza kuifunua saa 1 mpaka saa 3 asubuhi, uongeze kidogo kidogo, miche itoke masika ikianza. Ukiona majani yamepauka, tafuta pale jani moja lilipolifunika jingine. Kivuli kikiwa kimeacha alama ya kijani yenye mpaka dhahiri, hilo ni jua. Umanjano ulioenea sawasawa kuanzia majani ya chini ni njaa ya naitrojeni, na hapo neti haina kosa.

Mwenye miche michache na minazi yake abaki na makuti. Kivuli chake hakilingani na yanadondosha uchafu, lakini hayashiki joto kama plastiki nyeusi, tena hayana gharama.