Pampu ya insulini na mpira wa Jumapili: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya kwanza, naishi Leicester, Uingereza, na Jumapili nacheza beki wa kulia kwenye ligi ya mtaani. Nimeishi na sindano miaka mingi. Pampu nimepewa bure na NHS, huduma ya afya ya serikali, baada ya NICE, taasisi inayoamua matibabu gani NHS iyalipie, kuidhinisha, Desemba 2023, pampu zinazosomana na sensa (kipima sukari kinachobandikwa mwilini) kwa watu wa aina ya kwanza. Ndugu zangu wa Tanga wananiuliza kama inamfaa mtu wa michezo. Inamfaa, ila faida yake kubwa haionekani uwanjani, inaonekana kitandani.

Yangu ni ya mrija. Kifaa kinakaa kiunoni, kidogo kuliko simu, na mrija mwembamba unaishia kwenye kanula, kijimrija laini kinachoingia chini ya ngozi, iliyobandikwa tumboni, ambayo naibadilisha kila siku 2 au 3. Sensa iko nyuma ya mkono. Kila dakika 5 inatuma kipimo, na pampu inaongeza au inapunguza insulini yenyewe. Chakula bado ni kazi yako: ukila ugali, uhesabu wanga uiambie.

Sindano ya masaa marefu ukishachoma, hairudi. Ukiitwa mechi ya ghafla unacheza na insulini yote mwilini. Pampu unaweza kuipunguza, mradi uwahi. Mimi nawasha hali ya mazoezi saa moja na nusu kabla ya filimbi. Lengo la sukari linapanda hadi 8.3 (kwa kipimo cha mmol/L) na pampu inapunguza kasi. Ukisubiri mpaka unafunga kamba za viatu umechelewa, kwa sababu insulini iliyokwisha kuingia itafanya kazi yake wakati unakimbia. Chai na mkate nakula mapema, dozi yake naipunguza kwa robo hivi, kama nesi wangu alivyonielekeza. Ndizi ya nusu saa kabla ya mechi ni mtego: sensa inaona sukari inapanda, pampu inamwaga insulini kuishusha, kipindi cha pili miguu inalegea. Nikihitaji wanga nakula dakika chache tu kabla ya kuanza.

Mechi yenyewe nacheza bila pampu. Beki anagongwa, anavutwa jezi, anaanguka kiunoni. Nachomoa mrija, kanula inabaki na kifuniko chake, lakini kwanza naisimamisha pampu. Ukichomoa bila kuisimamisha, itaendelea kumwaga insulini ndani ya begi huku ikihesabu kwamba imeingia mwilini mwako, na mahesabu ya jioni yote yanavurugika. Mapumziko naangalia kipimo cha sensa kwenye simu. Nikiwa chini ya 5 na mshale unashuka, nakunywa juisi. Sensa hupima majimaji ya chini ya ngozi, si damu, kwa hiyo ukikimbia hubaki nyuma dakika kadhaa. Mwili ukisema umeshuka na simu inasema 6, toboa kidole upime damu. Mechi ikiisha nairudisha pampu palepale kabla ya stori za chumba cha kubadilishia nguo, maana ndani yake kuna insulini ya haraka tu, inayoisha mwilini mapema. Ukikaa masaa mengi umeichomoa, ketoni, asidi hatari za damu mwili unapokosa insulini, zinaanza kupanda.

Kuna siku sukari hupanda badala ya kushuka. Mechi ya kombe, mbio fupifupi, presha, adrenalini: nimewahi kutoka uwanjani na 14. Hapo sikimbilii dozi kubwa, mara nyingi hushuka yenyewe.

Sasa kitandani. Baada ya mchezo misuli huendelea kuvuta sukari masaa mengi kujaza akiba yake, ndiyo maana hushuka usiku wa manane. Enzi za sindano mke wangu alikuwa ananiamsha nimelowa jasho, ananishikisha soda mdomoni. Siku hizi pampu ikiona mteremko inakata insulini kabla sijafika pabaya. Asubuhi naiona kwenye grafu: saa nane hadi saa kumi usiku, insulini sifuri, sukari 5.6, na mama watoto kalala fofofo. Kwa hilo peke yake nisingerudi kwenye sindano.

Kasoro zipo. Kengele zake hazina adabu, zitalia hata msikitini. Gundi ya kanula inavumilia baridi ya Leicester, lakini likizo Tanga, kwa joto lile na jasho, ilibanduka. Sasa nabandika plasta ya wanamichezo juu yake. Jua nalo huharibu insulini iliyomo ndani, hivyo tukicheza ufukweni Raskazone pampu inakaa kivulini, kwenye mfuko wa kupoozea ninaoulowesha maji.

Halafu gharama. Mimi silipi, lakini anayenunua mwenyewe ajue kifaa ni mwanzo tu: kanula, mirija na sensa hununuliwa mwezi baada ya mwezi. Mpwa wangu wa Dar, anayecheza basketi, nimemwambia kama hela inatosha kitu kimoja, achukue sensa na aendelee na sindano zake.