Kiboksi cha dawa cha vyumba 28: kizuri, ila hizo herufi S mbili zilitutoa jasho

Nimekitumia miezi minne sasa kumpangia mama mzazi dawa zake. Ni kile cha plastiki cha wiki nzima, siku saba mara nne kwa siku, na kila siku inachomoka peke yake, ukisafiri naye unabeba siku mbili tu zingine unaziacha nyumbani.

Nilinunua kwa sababu ya swali moja tu: "Hivi mi nimeshameza ya asubuhi?" Mama anauliza, mi nimetoka, mdogo wangu alikuwa bafuni, basi tunaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti na bado tunabishana. Siku hizi unafunua mfuniko, ukikuta kitupu ameshameza, mjadala umeisha. Na si utani, mama anatumia glibenklamidi ya sukari, dozi ikirudiwa sukari inaweza kushuka hadi mtu aanze kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Sasa tatizo. Juu ya mifuniko wameandika herufi za siku za Kiingereza, S M T W T F S. S iko mwanzo na S iko mwisho! Kwetu wiki inaanza Jumamosi, jina lenyewe linasema, ila kiboksi kinaanza Jumapili. Mi nilikuwa naweka dawa ya mifupa, ile ya mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi. Jumamosi kameza vizuri, jioni nikajaza upya, Jumapili asubuhi bi mkubwa akaenda zake S ya mwisho akameza tena. Nimekuja kugundua nakuta chumba cha Jumamosi ijayo kiko wazi na yeye ameshajinyoosha kwenye kochi. Nikampigia mfamasia mbio mbio, akasema tusimtapishe, na asilale kabisa, akae wima, maana dawa ile inaunguza koo la chakula. Alikaa wima amenuna asubuhi nzima, ananiangalia kama mi ndo nimekosa. Na kweli mi ndo nilikosa, ile dawa inamezwa na maji matupu kabla ya kula, nusu saa kabla ya dawa nyingine, ilikuwa inatafuta nini humo ndani na wenzake? Sasa iko kwenye pakiti yake na nampa mwenyewe kwa mkono. Herufi nimezibandikia tepe, nikaandika majina ya siku kwa maka peni.

Mifuniko ni migumu kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mama alikuwa anaing'ang'ania kwa kucha, ghafla inafunguka paa, vidonge vyote chini ya meza. Tukagundua mpini wa kijiko unaifungua bila shida, sasa kijiko kinakaa hapo hapo pembeni. Halafu mtoto mdogo naye anaifungua fasta kuliko bibi yake, kwa hiyo weka juu ya kabati.

Kujaza, usijaze siku baada ya siku, chukua dawa moja uipitishe wiki nzima ndo ushike nyingine, hutachanganya vile vyeupe vinavyofanana. Pakiti usitupe. Daktari akibadilisha dozi katikati ya wiki utafukua vyumba vyote na bila pakiti hujui kipi ni kipi. Na si kila dawa inaingia humu, nitrogliserini, ile ya moyo ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, lazima ibaki kwenye kichupa chake, ikitolewa inapoteza nguvu. Muulize mfamasia moja moja, mi niliuliza nimechelewa.

Kiboksi nakipa nyota nne. Ya tano nimekinyima kwa ajili ya hizo S. Mwenye kujua kinachouzwa kimeandikwa Jumamosi mpaka Ijumaa kwa Kiswahili aniambie, tepe yangu imeanza kubanduka.