Kanzidata ya sheria ya vita ya Msalaba Mwekundu: inamfaa wakili kiasi gani?

Wakili anayechagua kazi ya haki za binadamu na sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria ya vita, hukwama mapema kwenye vitabu, kwa kuwa vilivyo vya maana ni ghali na havipatikani kila mahali. Kanzidata ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kuhusu sheria ya kibinadamu ya desturi, yaani kanuni zinazotokana na mwenendo wa mataifa na si mikataba peke yake, haina malipo, na kwa wakili wa Kenya ina uzito wa pekee, kwani kifungu cha 2(5) cha Katiba ya 2010 kinazifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria za nchi.

Msingi wake ni utafiti wa Jean-Marie Henckaerts na Louise Doswald-Beck, uliochapishwa mwaka 2005 ukiwa na kanuni 161. Sehemu ya kwanza inataja kila kanuni na kuifafanua. Ya pili inakusanya mwenendo wa mataifa, na humo ndimo mlimo na mali, ingawa wengi huishia ya kwanza.

Chukua Kanuni ya 93, inayopiga marufuku ubakaji na aina nyingine za ukatili wa kingono. Maelezo yake yanabainisha kwamba inahusu vita baina ya mataifa na vita vya ndani vilevile. Ukigeukia mwenendo wa mataifa, unapangiwa mikataba, miongozo ya kijeshi, sheria za nchi na hukumu, ikiwemo ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, iliyosomwa na mahakama ya kimataifa ya Rwanda huko Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Katika kanuni nyingine kadhaa utaukuta mwongozo wa kijeshi wa Kenya wa mwaka 1997, ambao ni silaha nzuri pale wakili wa serikali anapodai kwamba kanuni fulani ni ya wageni.

Hata hivyo, dondoo si hukumu. Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, lakini akaachiwa katika mashtaka ya kukiuka Ibara ya 3 iliyo katika Mikataba yote minne ya Geneva, inayowalinda wasiopigana katika vita vya ndani, kwa sehemu kwa sababu mahakama ilitaka uthibitisho wa uhusiano wake na jeshi au serikali. Mwaka 2001 majaji wa rufaa walisema sharti hilo halimo katika sheria. Anayetegemea kanzidata peke yake anaweza kunukuu msimamo uliokwisha kukosolewa, na hilo mbele ya jaji ni aibu isiyo ya lazima. Hukumu zenyewe zisomwe nzima.

Lipo pia pingamizi la Marekani, ambayo mwaka 2006 iliulaumu utafiti huo kwa kutegemea mno miongozo na matamko kuliko yale majeshi yanayoyatenda vitani. Nadhani lawama hiyo ina ukweli kwa baadhi ya kanuni, hasa zile zinazohusu vita vya ndani, na wakili makini ahesabu ni nchi ngapi zimetajwa na zimetajwa kwa lipi kabla ya kusema mahakamani kwamba jambo ni desturi.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni kukosekana kwa Kiswahili. Anayechukua maelezo ya mashahidi Goma au Kakuma analazimika kujitafsiria istilahi, na kila mmoja anatafsiri anavyojua. Kwa utafiti wa awali ninaipendekeza bila kusita; kwa kuandika hoja za rufaa, iwe ni mahali pa kuanzia tu.