Mota ya 17.5 iliyo kwenye orodha ya ROAR: uzoefu wangu Unguja

Assalaam alaykum wapenzi wa magari ya rimoti. Wengi wananiuliza kuhusu hii mota ya Hobbywing Justock 17.5 niliyofunga kwenye turing yangu, gari ya mbio za lami, ya kipimo cha moja kwa kumi, kama inalipa au mtu achukue tu ile ya bei poa isiyo na jina, basi leo nasema yote niliyoyaona mana nimekimbiza nayo kaskazi nzima, jua kali, lami ya moto, vumbi na hii hewa yetu ya chumvi.

Kwa ufupi ichukue. Na sikwambii uichukue kwa ajili ya spidi, zipo zenye spidi kuliko hii. Nakwambia uichukue kwasababu imo kwenye orodha ya mota zilizoidhinishwa na ROAR, na tangu sisi tukubaliane kwamba anaekuja kushindana aje na mota ya kwenye orodha, ugomvi pale uwanjani umepungua sana wallahi.

Kwa wasiojua, ROAR ndo chama kinachosimamia mbio za magari ya rimoti kule Marekani, Ulaya wana EFRA, na juu yao wote ipo IFMAR inayoandaa ubingwa wa dunia. Kiwanda kikitaka mota yake iruhusiwe kinapeleka sampuli, inafunguliwa inapimwa waya, rota (ile sumaku inayozunguka), stata (sehemu iliyotulia yenye koili za waya), ukinzani wa koili, ikipita ndo jina lake linaingia kwenye orodha. Na lazima iwe inauzwa madukani kwa mtu yeyote, si mota ya siri ya timu ya kiwanda. Hilo la mwisho mie nalipenda kuliko yote, mana maana yake mtu wa Mwanakwerekwe anaweza kununua kitu kile kile anachotumia bingwa wa huko.

Hiyo 17.5 ni idadi ya mizunguko ya waya kwenye kila jino la stata. Mizunguko ikipungua mota inazunguka kwa kasi zaidi, ndo mana 13.5 inaikimbia 17.5 na 10.5 inaikimbia 13.5. Sasa mizunguko hiyo imo ndani ya kopo, wewe nje unaona stika tu, na stika anabandika yeyote!

Kuna kijana wetu mmoja, kijana mzuri wala hana ujanja, alikuja na mota aliyoagiza mtandaoni, imeandikwa 17.5 kwa herufi kubwa. Kwenye mnyoosho gari yake inatupita kama tumesimama. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akataka kumtoa pale pale. Tukamwita pembeni, akasema "ami mie nimeuziwa 17.5, si hiyo imeandikwa, itizame." Tukaitia kwenye kile kipimo kidogo cha mota kinachosoma KV, yaani spidi ya mota kwa kila volti, na taimingi, yaani umeme unawahishwa kiasi gani kuingia kwenye koili. Hapa msikilize vizuri mana wengi hawalijui hili, kabla ya kulinganisha KV za mota mbili lazima taimingi ziwe sawa, ukizungusha kile kifuniko cha nyuma kuongeza taimingi KV nayo inapanda, kwahiyo unaweza kumsingizia mtu bure. Tukaziweka sawa. Ya kijana ikaja juu kuliko hata 13.5 ya mwenzetu. Tukafungua skrubu tukaitoa rota, tukaipima kwa kalipa, ukubwa wake wa kawaida tu, kwahiyo tatizo ni waya wenyewe, huo mzunguko wa 17 na nusu haumo mle. Kijana uso umemshuka kabisa, na pesa yake ndo imeshakwenda, muuzaji hata ujumbe hajibu tena.

Hapo ndo nikaona faida ya orodha. Bila orodha yule kijana angebaki na jina la mwizi, na yeye ndo aliyeibiwa. Ukiwa na orodha hatubishani na mtu, tunatizama mota imo au haimo, basi.

Ila mota peke yake haitoshi, spidi kontrola, kile kifaa kinachopimia mota umeme, nayo ina mambo. Miaka ya 2009 na 2010 hivi zilienea spidi kontrola zinazoongeza taimingi zenyewe gari ikiwa inakimbia, wanaita busti na tabo, ikawa mtu na 17.5 halali kabisa anakwenda kama ana mota ya daraja la juu, na mota zinaungua ovyo. Ndo ikaja hii ya blinki, spidi kontrola inawekwa taimingi sifuri na taa yake inawaka na kuzima gari ikiwa imesimama. Uzuri wake huhitaji fundi wala kompyuta, magari yakiwa yamepangwa mstarini unainama tu unaangalia taa moja moja, ambayo haipepesi inatoka nje. Betri ni lipo ya seli mbili, volti 7.4, na ikijaa isizidi 8.4, tunapima kwa mita kabla ya kuanza.

Sasa mota yenyewe. Inakwenda laini, ukigusa trigi kidogo tu inaondoka bila kukwamakwama kwasababu ina sensa inayoiambia spidi kontrola rota iko wapi, na kwenye kona za karibu karibu hilo ni jambo kubwa. Joto ndo la kuangalia kwa hapa kwetu. Saa tisa mchana lami imeshakaangika, mota ikirudi nikiipiga kipima joto nikiona inakaribia nyuzijoto 80 napunguza pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, jino moja au mawili, sisubiri. Sumaku ya rota ikizidi joto inapoteza nguvu na hairudi tena, gari inakuwa nzito na mtu anadhani betri mbovu. Wengi wanapandisha taimingi na gia kwa pamoja halafu wanalaumu mota, jamani chagua kimoja. Feni ndogo juu ya mota kwa Zanzibar si pambo, funga.

Chumvi nayo haina rafiki. Beringi za mota ukiziacha bila mafuta wiki mbili tatu unasikia zinakwaruza. Mie kila nikitoka uwanjani napuliza vumbi, tone la mafuta mbele na nyuma, na ile waya ya sensa naikagua miguu yake kama ina kutu. Duka la vipuri vya mota hizi Unguja mjini sijaliona, zangu zinapita Dar zinakuja na boti, kwahiyo ukiagiza mota agiza na seti ya beringi hapo hapo. Bei chini ya dola 100, si ndogo kwa kijana wa skuli, lakini tukipiga hesabu ya mota za ovyo mbili tatu ni ile ile.

Kitu kimoja kinanikera na sitakificha. Orodha haimzuii mwenye pesa. Mota mbili za aina moja zikitoka kiwanda kimoja haziko sawa sawa, moja itakuwa na ukinzani mdogo kidogo, na wapo wanaonunua nyingi wakachagua bora, na viwanda vingine vyenyewe vinauza zilizochaguliwa kwa bei ya juu. Zote halali. Ndo mana baadhi ya mashindano ya Ulaya wanagawa mota wenyewe siku ya mbio, au wanatumia 21.5 ya taimingi isiyobadilika. Mie naona sisi tuelekee huko, tuchange, tununue mota za aina moja, zikae kwenye boksi, asubuhi kila mtu aingize mkono atoe yake na jioni airudishe. Wapo wasiotaka, wanasema mtu ana haki ya kutunza mota yake mwenyewe, na hoja yao ina uzito, lakini kwa mtoto anayeanza leo na mota moja tu boksi lina haki zaidi.

Mpaka tukubaliane, utaratibu wetu ni huu, anayeshika nafasi ya kwanza anafungua mota yake mezani mbele ya wote, na mie nikishinda naanza na yangu. Ndugu zetu wa Pemba, Chake na Wete, mliosema mnataka kuja, njooni na 17.5 iliyomo kwenye orodha na spidi kontrola yenye blinki, chaja na kipimo cha mota mtavikuta.