Miaka Saba Ndani ya Rotaract: Uzoefu Wangu

Nilijiunga mwaka 2015 nikiwa na miaka 25, miezi mitano baada ya kuhamia Dar es Salaam kikazi. Mjini hapa nilikuwa namfahamu bosi wangu, mama mwenye nyumba, na kijana anayeuza matunda kituoni. Basi. Jioni nilikuwa nakaa kwenye foleni, nafika nyumbani, nalala. Dada mmoja wa ofisini akaniambia, "Jumatano twende wote, ukaone watu." Klabu yenyewe siitaji jina, kwa sababu yapo pia yaliyoniuma, na watu wake bado nawapenda.

Kwa asiyezijua, Rotaract ni klabu za vijana wa miaka 18 na kuendelea, na wanaoziendesha ni wanachama wenyewe. Hakuna mfanyakazi wa kulipwa wa kukupangia kitu. Rais, katibu na mweka hazina mnawachagua ninyi, wanaongoza kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, kisha wanapisha wengine. Ukitaka safari, semina au harambee ya kununulia shule madawati, simama useme, halafu tafuta wa kukusaidia.

Historia yake nilisimuliwa nikiwa bado mgeni, na ndiyo iliyonifanya nibaki. Mzee mmoja wa Rotary, klabu ya wakubwa iliyotulea, alitueleza kuhusu Paul Harris, wakili aliyelelewa katika mji mdogo wa Vermont, Marekani, kisha akaenda kufanya kazi Chicago. Mji ulijaa watu, ila yeye hakuwa na marafiki kama wale wa utotoni kwao. Februari 23, 1905 alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, na mikutano ikawa inazunguka, leo ofisi hii, kesho ile. Jina Rotary likatokana na huko kuzunguka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikia habari zangu mwenyewe, za mtu wa miaka 110 nyuma.

Vijana walikuja kukumbukwa baadaye sana. Mwaka 1962 zilianza klabu za Interact za wanafunzi wa sekondari. Waliomaliza shule wakabaki hawana pa kwenda mpaka Machi 13, 1968, klabu ya kwanza ya Rotaract ilipoanzishwa Charlotte, North Carolina, chuoni, chini ya ulezi wa Rotary ya North Charlotte. Rais wa Rotary duniani mwaka huo alikuwa Luther Hodges, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilohilo. Wanawake walianza kuruhusiwa Rotary za Marekani mwaka 1987, na duniani kote mwaka 1989. Nilipovishwa pini ya uanachama nilikuwa mmoja wa wanawake wanne waliovishwa siku hiyo, na rais wetu alikuwa mwanamke.

Nilichopata kwa ada yangu ni watu. Oktoba moja tuliamka saa tisa usiku kwenda kupanga meza za maji kwenye Rotary Dar Marathon. Hadi jua linachomoza nilikuwa nimemwaga maji mengi kuliko niliyowagawia wakimbiaji, na niliyesimama naye meza moja siku ile ndiye aliyekuja kunisimamia harusini. Nilijifunza kuongoza kikao, kuandika bajeti, na kumwambia mtu mzima kwamba risiti yake haijitoshelezi. Kazini hakuna aliyekuwa tayari kunipa nafasi ya kukosea mambo hayo nikiwa na miaka 26.

Sasa yaliyoniuma. Uongozi wa mwaka mmoja unawapa wengi nafasi, lakini unavunja kumbukumbu. Nilipochaguliwa mweka hazina nilikabidhiwa daftari moja la mistari, kurasa sita zimechanwa, na neno la "salio lipo benki". Salio halikufanana na daftari. Nilitumia Julai yote kuwapigia simu waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na mmoja hakupokea mpaka leo. Lingine ni lugha. Vikao vyetu vilikuwa vya Kiingereza tangu kufungua hadi kufunga, na niliona vijana wenye mawazo mazuri wakinyamaza, kisha wakamwaga yote kwa Kiswahili nje, kwenye bodaboda. Nilipigania nusu ya kikao iwe Kiswahili. Tukapata, na mahudhurio yakaonekana tofauti mwezi huohuo.

Kisha likaja suala la umri. Kwa sheria ya zamani, mwaka wa Rotary unaotimiza miaka 30 ndio wa mwisho kwako. Juni 30 unaaga. Mimi nilitimiza Februari 2020. Lakini mwishoni mwa 2019 makao makuu ya Rotary yalitangaza kwamba kuanzia Julai 1, 2020 ukomo huo unaondolewa. Nilitakiwa kuondoka jioni, na asubuhi yake mlango unaachwa wazi.

Kikao cha kujadili jambo hilo kilikuwa kikali kuliko vyote nilivyohudhuria. Klabu iliruhusiwa kujiwekea ukomo wake ikitaka. Kaka mmoja wa miaka 22 alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba wakubwa wakibaki, wao hawataongoza kamwe. Niliumia, kwa sababu nilijua anayemsema ni mimi. Tulipiga kura, ukomo ukashindwa, nikabaki.

Nilibaki miaka miwili. Katika miaka hiyo nilijiona mara nyingi nikijibu swali kabla mwanachama mpya hajafungua mdomo. Juni 2022 nikamkabidhi yule kaka vitabu vya hesabu, jedwali la miaka minne, kila risiti na namba yake, tukakaa saa mbili tukipitia mstari kwa mstari. Mwezi uliofuata makao makuu yakaanza kutoza kila mwanachama dola 8 kwa mwaka, dola 5 kwa klabu za vyuo. Alinipigia kuuliza ziingie fungu gani.

Ukitaka kujiunga, nenda kama mgeni angalau mara tatu kabla ya kulipa chochote, na uende klabu mbili tofauti, maana hazifanani hata kidogo. Omba kuona hesabu za mwaka uliopita. Angalia nani anazungumza kikaoni na nani ananyamaza. Na ukiwa umehamia mjini karibuni na simu yako haiiti Jumamosi nzima, nenda wiki hii.