Nyumba ya Kupangisha Nairobi kwa Asiye Raia: Ipi Kwanza, Ipi Mwisho

Shemeji yangu wa Mwanza alinitumia picha ya fleti ya Kilimani, bwawa la kuogelea juu ya paa, na neno moja: "Ninunue?" Nikamwuliza hatimiliki ikoje. Hakujua.

Kenya, asiye raia hamiliki ardhi milele. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu kukodi kwa miaka isiyozidi 99, basi. Kufungua kampuni na rafiki Mkenya hakusaidii: ili ihesabiwe ya raia, hisa zote lazima ziwe za raia. Kwa fleti hilo halina shida sana, ila hesabu miaka iliyobaki.

Kinachouma ni ushuru. Mkaaji wa Kenya hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi anayopokea kwa wapangaji, mradi kodi hiyo isipungue shilingi 288,000 wala kuzidi milioni 15 kwa mwaka. Wewe uliye nje unakatwa asilimia 30, tena kabla ya gharama yoyote. Tuseme fleti ya milioni 8 inapangishwa 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Ushuru unakula 216,000, na ada ya huduma ya 8,000 kwa mwezi inakula 96,000. Umebaki na 408,000, asilimia 5 na ushei, na hapo nyumba haijakaa tupu hata mwezi mmoja. Siku ya kununua kuna pia ushuru wa stempu, asilimia 4.

Namba moja kwangu ni fleti ya chumba kimoja cha kulala iliyokwisha kujengwa, Kileleshwa au Westlands, yenye hatimiliki yake yenyewe kwa sheria ya 2020 ya hati za fleti moja moja. Nenda saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye taa. Hapo utajua wangapi wamepanga kweli. Kisha panda ghorofa ya juu ufungue bomba. Usimwulize dalali habari za maji, mwulize mlinzi. Jengo linalotegemea maji ya boza, ada yake haitakaa palepale.

Ya pili ni vyumba viwili South B au kando ya Thika Road. Kodi si kubwa, lakini familia ikishapata shule ya jirani haihami ovyo.

Ya tatu, nyumba ambayo bado iko kwenye ramani. Bei inavutia, unalipa polepole. Mimi niliwahi kutoa amana ya moja. Mpaka leo ni shimo la maji ya mvua. Ukithubutu, wakili wako, si wa muuzaji, apekue Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, aone kama benki imeishika hati, na ulipe kadiri jengo linavyopanda.

Mwisho, ploti nzima ya bedsita, yaani vyumba vya kupanga kimoja kimoja, Pipeline au Githurai. Kwenye karatasi hesabu ni tamu. Lakini choo kikiziba Jumapili, nani atapigiwa simu? Aliye mbali aiache.

Shamba silihesabu kabisa: ardhi ya kilimo haiuzwi kwa mgeni bila idhini ya pekee ya Rais.

Hati ya shemeji ilipofika, ilikuwa imebakiza miaka 47. Ameomba apunguziwe milioni moja. Muuzaji bado anafikiria.